Umempima Malaria?

Kipimajoto kilisoma nyuzi 39.2. Ilikuwa Februari, usiku, hapa Leicester, na mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nikapiga 111, namba ya ushauri wa afya ya Uingereza, nikaitaja ile 39.2 nikitarajia muuguzi ashtuke. Hakushtuka. Akauliza: Anakunywa? Nepi ngapi zimeloa tangu asubuhi? Ukimwita anakutazama? Anapumua kwa shida? Ana vipele, na ukivigandamiza kwa bilauri ya kioo vinafifia? Kisha akasema nimnyweshe mara kwa mara, nimpe parasetamoli kama anahangaika, niendelee kumwangalia.

Kumwangalia tu? Nikampigia mama yangu aliyeko Muheza, Tanzania, ingawa kwao ilikuwa inakaribia saa tisa za usiku. Hakuuliza nyuzi ngapi.

"Umempima malaria?"

"Mama, huku hakuna malaria."

Akanyamaza kidogo. "Basi mtoto ana nini?"

Kwetu homa na malaria karibu ni neno moja. Ukisema mtoto ameamka na homa, jirani tayari anajua mnaelekea zahanati. Haraka hiyo ina sababu: malaria isiyotibiwa inaweza kuwa kali ndani ya saa 24, na wanaokufa zaidi ni walio chini ya miaka mitano. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tone la damu ya kidole, dakika zisizozidi 20, na jibu unalo. Kumwambia mama wa Muheza asubiri asubuhi bila kipimo ni kumshauri vibaya.

Linaloniumiza ni kinachofuata kipimo kikisema hapana. Mtoto wa mdogo wangu alipimwa, hakuwa na malaria, na bado wakarudi nyumbani na dawa mseto ya malaria kutoka duka la dawa, "kwa usalama". Siku tatu mtoto alilia na kusugua sikio. Shida ilikuwa sikio. Mkono wake ulikuwa umekwishasema, ila watu wazima walikuwa wakiitafuta malaria.

Maumivu ya mtoto asiyejua kusema tunayapuuza sana. Tunasema anadeka, anaota meno, atanyamaza. Hapa nimewaona wauguzi wakimtazama mtoto kwa mambo matano: uso, miguu, mwili unavyotulia au kujinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila jambo lina alama 0 hadi 2, na jumla inawaambia maumivu ni makali kiasi gani. Hakuna mashine hapo, ni macho tu, na macho hayo bibi zetu wanayo. Ninachotamani ni tuyaamini, tumpe mtoto dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake, kwa bomba dogo la kupimia dawa, si kwa kijiko chochote cha jikoni.

Kitambaa cha maji baridi cha kushusha homa nimekiacha. Mtoto hutetemeka, na kutetemeka huzalisha joto. Degedege ndiyo habari ninayoiogopa zaidi. Nimekua nikisikia kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo apelekwe kwa mganga kwanza. Si kweli. Mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, kimbilia hospitali. Mahali penye malaria, huenda imeshafika kwenye ubongo. Na kichanga wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, hakuna kumwangalia tu, Leicester wala Muheza. Apelekwe.

Agosti tulikwenda nyumbani. Wiki tatu baada ya kurudi, mtoto akapata homa tena. Nikapiga ile namba, maswali yakaja yaleyale, na majibu yangu yote yalikuwa mazuri: anakunywa, anacheka, nepi zinaloa. Hakuna aliyeuliza tulikotoka. Nikasema mwenyewe: tumetoka Tanzania. Sauti ya upande wa pili ikabadilika, tukaambiwa twende hospitali usiku uleule.

Ndugu zangu mnaoishi huku, hilo lisemeni hata kama hamjaulizwa, hata ukipita mwaka mzima. Wengi wanaougua malaria Uingereza ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona jamaa zao, na watoto wetu waliozaliwa huku hawana kinga yoyote dhidi yake. Kinga yetu wenyewe nayo hupungua tukikaa huku.

Damu ya kwanza haikuonyesha vimelea. Daktari akasema hilo halitoshi, turudi kesho wachukue nyingine. Nikiwa bado kwenye korido ya hospitali, simu ikaita.

"Wamempima?"

"Wamempima, mama. Kesho wanarudia."

"Haya. Kalale, mwanangu."