Kichocheo Hakilipi Deni

Nilifika Trondheim, Norwei, kusomea shahada ya pili mwaka 1996, mwaka uleule Wanorwei walipoanza kuizika kaboni dioksidi chini ya Bahari ya Kaskazini. Profesa aliyenisimamia alikuwa mtu wa vichocheo, vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali. Ujana wake ulikuwa umekwenda kwenye chembe za platini na kobalti. Mezani kwake kulikaa kipande cha masega ya kusafishia moshi wa gari, yale ambayo vibaka wa Dar huyafungua usiku wakauze. Kila mgeni alikabidhiwa akishike kabla hata hajaketi.

Sleipner, uwanja wa gesi ambako maziko hayo yalianza, ulimbadilisha. Gesi ya huko ilikuwa na kaboni dioksidi kiasi cha asilimia 9, na wanunuzi walitaka isizidi 2.5. Kuitenganisha ilikuwa lazima, na kuiachia hewani kulitozwa kodi tangu 1991. Basi gesi ikaoshwa kwa amini, kemikali inayoinasa kaboni dioksidi, nayo kaboni dioksidi hiyo ikasukumwa kwenye tabaka la mchanga la Utsira, tani karibu milioni moja kwa mwaka. Sisi wanafunzi tulishangilia mitambo. Yeye akatuambia tuisome kwanza sheria ya kodi.

Na umri umeshakwenda, akahamia kwenye amini, akatubeba na sisi. Ilinuka shombo, nayo haikutoka kwenye koti hata ulifue vipi. Kuinasa gesi hakukutusumbua: kwenye nyuzi 40 hivi inaingia yenyewe. Kazi ilikuwa kuiachisha. Hapo unachemsha kwa mvuke hadi nyuzi 120, na mvuke huo unauchukua kwenye mtambo uleule unaotaka kuuza umeme. Mwenzetu mmoja akauliza, si tutafute kichocheo? Mzee alichora kilima cha nishati ubaoni, akafuta kilele, mabonde ya pande zote mbili akayaacha palepale. Kasi tutaipata, alisema, lakini nishati ya kuiachisha lazima mtu ailipe. Sijasikia mhadhara bora kuliko kile kifutio.

Januari 2007 Waziri Mkuu Jens Stoltenberg aliufananisha mradi wa kunasa kaboni dioksidi wa Mongstad na safari ya mwezini. Wakati huo nafundisha Dar es Salaam, mzee amestaafu. Kituo cha majaribio kilifunguliwa 2012. Mtambo mkubwa uliokuwa umepangwa kukifuata ukafutwa mwaka uliofuata. Wanasiasa walirushiana lawama. Barua pepe aliyoniletea mzee ilikuwa na swali moja tu: mvuke wangeutoa wapi, na kwa bei gani?