Nafasi Niliyopewa kwa Fungu la Mkoa

Dominika iliyopita, watu walipotoka katika Misa hapa Bafwasende, mzazi mmoja alinishika mkono akaniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, je, ni haki mtoto wa Wambuti mwenye alama hamsini aingie chuo kikuu, na binti yangu mwenye sitini abaki nyumbani?" Nilimwambia kwamba sijapata kuiona sheria isemayo hivyo; ni uvumi wa barabarani tu. Hata hivyo swali lake lilinichoma, maana mlango huo mimi mwenyewe nilipita.

Katika miaka ya 1970, nchi yetu ilipoitwa Zaire, nafasi za chuo kikuu ziligawanywa kwa mikoa. Sababu yake ilieleweka. Tangu zamani za Wabelgiji, pande fulani za nchi, kama Bas-Congo, zilitangulia kupata shule nyingi, na sisi wa msituni tulichelewa. Kama viti vingetolewa kwa alama peke yake, vijana wa pande zile wangalivijaza karibu vyote. Basi kila mkoa ukapewa fungu lake, nami mtoto wa Haut-Zaïre nikapata nafasi.

Rafiki yangu hakupata. Tulikaa dawati moja huko Kisangani, naye alinishinda kwa alama saba katika Mtihani wa Serikali. Lakini baba yake alikuwa mtu wa Kasai. Kwa hiyo mwana naye akahesabiwa Kasai, ingawa hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Mwaka ule aliuza chumvi sokoni. Kila tulipokutana alinisalimu kwa upole. Afadhali angalinitukana.

Tangu hapo sheria za namna hii siwezi kuzisifu wala kuzilaani kwa haraka. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 13, yakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika elimu kwa ajili ya kabila lake au mahali akaapo. Kifungu cha 51 cha Katiba hiyo hiyo chaiagiza Serikali iwalinde na kuwainua wanyonge na makundi yote yaliyo machache. Mtu aweza kudhani kwamba vifungu hivi vyapigana. Mimi sidhani, ila naona ni kazi ngumu kuvitii vyote viwili kwa siku moja.

Wengine nao wamehangaika. Kule Makerere, Uganda, tangu mwaka 1990 wasichana walioomba nafasi waliongezewa alama moja na nusu, nao wakazidi kuonekana madarasani. Huko Marekani, Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2003 kwamba chuo chaweza kutazama rangi ya mwombaji pamoja na mambo yake mengine. Mwaka 2023 ikavikataza vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina kufanya hivyo. Mahakama ile ile, na miaka ishirini tu!

Lakini kwetu ugomvi huu waanzia mahali pasipo pake. Tunayo sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za Wambuti na jamaa zao wengine wa msituni. Inazitambua mila zao, nayo yaahidi kuwarahisishia njia ya shule, matibabu na mahakama. Ni sheria njema. Ila tazameni mambo yalivyo. Mtoto wa Kimbuti huingia darasani mwezi wa Septemba. Yakija majira ya asali, wazazi wake huhamia porini, naye huwafuata, maana nani atampikia? Arudipo, wenzake wamekwisha kuvuka kurasa arobaini, tena humcheka kwa ajili ya nguo zake. Kufika darasa la tatu hayupo tena. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, waliofika sekondari nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hata Kisangani wangewekewa viti mia leo, vingekaliwa na nani? Fungu lao lingeanza kwanza hapa chini: kalenda inayongoja asali, na chakula cha mchana shuleni. Na huko juu, kama fungu halina budi kuwapo, wapimaji waulize mtoto alisomea wapi na kwa taa gani, wasiulize baba yake alizaliwa wapi.

Mmoja wa hao wa vidole vyangu huja kwangu jioni kujifunza hesabu. Yuko mwaka wa mwisho. Dominika ile ile aliniuliza: "Mwalimu, nikipewa nafasi kwa ajili ya kabila langu, si watanicheka?"

Nikamwambia kweli: "Watakucheka. Sisi walituita watu wa fungu. Mwaka wa kwanza nilianguka katika somo la takwimu, nikarudia, nikashinda. Mle ndani hakuna aliyeniongezea hata alama moja."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Na yule rafiki yako wa dawati?"

Sikuwa na jibu. Akafungua daftari lake. Tulikuwa tumebakiza milinganyo mitatu, na mafuta ya taa yalikuwa karibu kwisha.