Tulipofika Qurtuba

Picha mtakazoziona katika ukurasa huu tumezipiga wenyewe kwa simu ya mkononi, na hazikupigwa na mjuzi. Moja ina kidole gumba chetu kwenye kona, mbili zimetikisika, na ile tuliyoitamani kuliko zote imetoka giza. Tunawaomba radhi wasomaji wetu, kisha tuwasimulie.

Qurtuba, ambao Wahispania huuita Córdoba, tulianza kuujua tukiwa na umri wa miaka 14, katika darsa ya baada ya magharibi barazani kwa mwalimu wetu, Mji wa Kale wa Mombasa. Mwalimu, Allah amrehemu, alikuwa na Tafsiri ya Imam Al-Qurtubi, majuzuu yaliyofungwa kwa ngozi iliyokwisha kubabuka, na hakumkabidhi mtu hata juzuu moja kabla ya kumtazama viganja. Tulipofika Suratu Aal Imran, aya ya 169, inayowataja waliouawa katika njia ya Mwenyezi Mungu, alitusomea jambo ambalo Imam alilieleza kuhusu nafsi yake.

Adui aliuvamia mji asubuhi ya tarehe tatu Ramadhani, mwaka 627 Hijria, sawa na 1230, watu wakiwa viwanjani wanapura nafaka. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo baba yake. Kijana akaenda kwa shekhe wake kuuliza: baba nimwoshe na nimsalie, au nimzike kama wazikwavyo mashahidi? Akaambiwa mwoshe. Akamuuliza shekhe wa pili, akaambiwa hukumu yake ni ya waliouawa vitani. Akaenda kwa kadhi, naye akasema mwoshe, mkafini, msalie, akafanya hivyo. Baadaye, elimu yake ilipokwisha kuzidi, aliikuta mas'ala ile katika kitabu cha fiqhi, akaandika kwamba lau angaliijua kabla asingalimwosha baba yake. Angalimzika katika nguo zake na damu yake.

Usiku ule mwalimu alifunga kitabu kabla ya isha, jambo asilolizoea. Siku nyingine alitueleza kwamba Imam huyo huyo, katika ujana wake, alikuwa akibeba udongo juu ya wanyama kutoka makaburi ya kale nje ya mji, akiwapelekea mafundi wa vigae vya mapaa, na udongo ule umechanganyika na mifupa ya watu. Mwalimu akasema, “Wanangu, mimi ningependa kuviona vigae hivyo.” Safari yake ya mbali ilikuwa Hija tu. Hakujaaliwa nyingine.

Mwaka jana kijana wetu alipata nafasi ya masomo Madrid, nasi tukapata sababu. Sisi na mwenzetu wa nyumbani tulikwenda kumjulia hali, na siku ya nne tukapanda treni ya asubuhi. Ile treni hukata masafa ya karibu kilomita 350 kwa muda usiofika saa mbili. Msafiri hana hata wasaa wa kumaliza nyiradi zake.

Tuliposhuka, moyo ulituanguka kidogo. Majengo ya ghorofa, magari, maduka ya simu. Tulijiuliza: ndio huu? Kijana akatwambia, “Baba, subiri.” Baada ya kutembea kitambo tuliingia katika vichochoro vyembamba, kuta nyeupe zimekaribiana hata kivuli hakikatiki, na vyungu vya maua vimetundikwa ukutani. Mwenzetu alisimama akasema, “Hapa si kama tunakwenda Kibokoni?” Picha ya kwanza ni ya kichochoro hicho.

Msikiti Mkuu ulianzwa na Amir Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785, na waliomfuata wakaupanua kwa zaidi ya miaka 200. Zimesalia nguzo 856, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya kale zaidi, na juu ya kila nguzo matao mawili, moja juu ya jingine, ya mawe meupe na matofali mekundu. Tulikuwa tumeyaona katika vitabu. Kitabu hakikutwambia kwamba mtu akienda hatua tatu matao yote huhama na kujipanga upya, kama safu za watu wanaosimama kwa sala. Mji ulipochukuliwa mwaka 1236 msikiti uligeuzwa kanisa, na kuanzia mwaka 1523 lilijengwa kanisa kuu katikati yake, refu, la mapambo mengi. Tulilipita kwa adabu. Ni nyumba ya ibada ya watu, na wamo wanaosali.

Kisha tukafika mbele ya mihrabu. Aliijenga Al-Hakam wa Pili, na maandishi ya Qur'ani yanaizunguka kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu, mtu akiyasoma bila taabu. Wakati wa adhuhuri ulikuwa umekwisha kuingia. Waislamu hawaruhusiwi kusali pale. Twalijua hilo kabla ya kutoka nyumbani, na tulikuwa tumeazimia kuwa wageni wema. Lakini kulijua jambo si sawa na kusimama ndani yake. Miguu yenyewe ilijipanga. Tulisimama, mikono imeshuka ubavuni, tukimsikia mwenzetu akisoma polepole yale maandishi ya ukutani kana kwamba anamsomea mtoto. Hapo ndipo ilipopigwa ile picha iliyotoka giza.

Alitazama dira ya simu yake akatunong'oneza, “Sheikh, mbona qibla si huku?” Ni kweli. Msikiti ule umeelekea kusini zaidi, na wanazuoni wamelizungumza sana jambo hilo tangu zamani. Tulicheka kidogo, tukapata nguvu za kutoka. Adhuhuri na alasiri tulizikusanya katika msikiti mdogo ulio bustanini, sehemu mpya ya mji, uliojengwa kwa ajili ya askari wa Morocco wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. (Kwa akina mama watakaosafiri: ipo supu baridi ya nyanya na mkate, tamu mno, lakini huinyunyizia nyama ya nguruwe juu. Ulizeni kwanza.)

Jioni tulikwenda mtaa wa mashariki, ambao hadi leo huitwa Axerquía, yaani sharqiya. Wanahistoria wanasimulia kwamba katika kitongoji cha mashariki cha Qurtuba walikuwako wanawake 170 wakinakili misahafu kwa hati ya Kufi. Mwenzetu, ambaye amesomesha chuo cha watoto miaka mingi, hakutaka kuondoka mtaani hadi taa zilipowashwa. Picha ya mlango wa buluu ni yake, nayo ndiyo nzuri kuliko zote.

Asubuhi yake tulipanda mnara wa kengele, ambao ndani yake umo mnara wa adhana wa zamani. Pumzi zilitukatika njiani. Juu, mji mzima ulikuwa vigae: vya rangi ya udongo uliochomwa, vingine vimeota ukungu, vimeshuka hadi mtoni Guadalquivir, al-Wadi al-Kabir ya mababu. Tulipiga picha kumi na moja. Kidole gumba kimo katika ile iliyo bora.

Imam alihama baada ya mji kuanguka, akafa Misri mwaka 671 Hijria, na majuzuu yake yakatufikia barazani.

Tuliporudi Mombasa tulikwenda kwa mjane wa mwalimu wetu, aliyekwisha kuwa mtu mzima sana, na macho hayamsaidii. Tulimpa picha ile tuliyoisafisha kwa karatasi kubwa. Aliisogeza karibu na dirisha, akaigeuzageuza, akaweka kidole juu ya mapaa.

“Ndivyo hivi?” akauliza.

Tukamwambia, “Ndivyo, Mama.”

Akatuomba tumletee lile juzuu la Aal Imran kutoka kabatini, akaitia picha ndani yake.