Ndama wa Uzi

Najua wako watakaocheka wakisikia ya kuwa mwanamume wa miaka arobaini na zaidi alikaa jioni tisa akifuma mnyama wa mtoto kwa uzi. Na wacheke. Nawaeleza habari hii kwa sababu nalikuwa na deni, na deni lenyewe halikuwa la fedha.

Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, nchi ilitetemeka huku kwetu Bukoba. Watu zaidi ya kumi walikufa, na nyumba nyingi zikabomoka au kupasuka kuta. Katika nyumba ya dada yangu ulianguka ukuta mmoja. Watu wote walitoka salama, lakini binti yake, mwenye miaka mitano, alimwacha chini ya udongo mtoto wake wa bandia, aliyetengenezwa kwa magamba ya mgomba. Dada akahamia Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, kwa mama yetu. Huko yule mtoto alikataa kulala ndani. Kila usiku alitandikiwa mkeka penye mlango, na mlango ukaachwa wazi.

Mimi nikamwambia, "Usilie, nitakuletea ndama kutoka mjini." Mara ya kwanza nilisahau. Mara ya pili sikuwa na fedha. Mara ya tatu alinipokea mzigo, akasema, "Shikamoo, Mjomba," asiulize neno. Hapo ndipo nilipochomwa moyo. Mtoto anayekudai bado anakuamini. Aliyenyamaza amekwisha kukufuta.

Mama aliiona aibu yangu. Alijifunza kufuma katika ujana wake, ila sasa macho yake hayakuweza tena kuona vitanzi vidogo. Akaniambia, "Kaniletee sindano yangu yenye ndoano. Macho yangu yamechoka, lakini mikono yako bado." Kisha akaondoa kitambaa cha meza, kazi yake mwenyewe ya zamani, akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Nikamsihi aache. Akanijibu, "Mwanangu, meza haiogopi usiku."

Basi mimi niliyezoea kufundisha nikawa mwanafunzi. Kazi huanza kwa kitanzi kimoja, na ndani yake hufumwa vitanzi 6. Mzunguko wa pili huwa 12, wa tatu 18, wa nne 24. Yaani huongezwa sita kila mara, nayo kazi hutandaa kama sahani. Ukiacha kuongeza, hujikunja ikawa kikombe. Ukianza kupunguza, hufunga mdomo kama kibuyu. Hiyo ndiyo siri yote ya tumbo na kichwa. Miguu ni vikombe vyembamba tu. Mama alishika kazi yangu gizani, akahesabu kwa vidole, na kila nilipokosa alisema, "Fumua." Jioni ya kwanza nilifumua mara nne.

Tumbo la kwanza nalijaza majani makavu ya mgomba. Likawa likilia kama panya darini, nalo lilipopata maji likanuka. Tukatoa, tukajaza pamba ya mto wa zamani, iliyofuliwa na kukauka juani. Tena nalikuwa nimefuma kwa kulegeza, pamba ikatoka matunduni; ikanilazimu kurudia kwa kukaza. Nilitaka kutia vifungo viwe macho. Mama akakataa, kwa kuwa kifungo kikikatika mtoto hukitia kinywani, nacho chaweza kumsonga. Macho tukayadarizi kwa uzi mweusi.

Baadaye nilisoma ya kuwa Wajapani huiita kazi ya namna hii amigurumi. Tena nilisoma habari za Margarete Steiff wa Ujerumani, ambaye ugonjwa wa kupooza ulimpata utotoni, hata akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka 1880 alishona tembo wadogo wa kuchomekea pini, lakini watoto wakawachukua kuwa wanyama wao wa kuchezea. Nikafurahi kujua kwamba watoto ndio walioamua kazi ile ni ya nini.

Ndama wangu alipokwisha, sikio moja lilikuwa juu kuliko lingine. Mtoto akamtazama sana, akasema, "Mjomba, huyu ni mbwa." Nikamjibu, "Ni ndama." Akamminya tumbo, akafikiri, kisha akauliza, "Ukuta ukimwangukia, atavunjika?" Nikamwambia, "Hana mfupa hata mmoja." Usiku ule alimlaza ndama ndani, karibu na kitanda cha bibi yake, naye mwenyewe akabaki penye mlango. Usiku wa tatu tuliuona mkeka umesogezwa katikati ya chumba. Hakuna aliyemwambia neno. Baada ya siku chache alikuwa kitandani kwa bibi, na mlango ukafungwa.

Wazazi wenzangu na walimu wenzangu, sisi huona ahadi kwa mtoto kuwa jambo dogo, kwa kuwa mtoto hana baraza la kutushtaki. Mnayo sindano na uzi mkononi, au magamba ya mgomba shambani. Msingoje fedha za dukani kama nilivyongoja mimi. Na meza ya mama yangu haijapata kitambaa kingine hata leo. Hilo ni deni langu la pili, nami nimekwisha kulianza: nimefika mzunguko wa kumi na moja.