Makoma Sita ya Karagita

Karagita ni mji mdogo ulio kando ya barabara ya Moi South Lake, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Naivasha. Wengi wa wenyeji wake walikuja kutafuta kazi katika mashamba ya maua, nao walitoka pande zote za Kenya, kila mmoja na kumbukumbu ya miti ya kwao. Mtu wa Kisii huulizia mgomba, mtu wa pwani huulizia mnazi, na mtu wa Turkana huulizia mkoma, ambao kwa lugha yake huitwa eng'ol. Mambo yanayosimuliwa hapa yalitukia katika kiwanja kimoja cha mji huo, na chanzo chake kilikuwa makoma sita.

Mwenye kiwanja alikuwa mzaliwa wa upande wa Kakamega. Alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya maua, akaweka akiba yake, hata akajipatia kiwanja kidogo na nyumba ya mabati, na nyuma ya nyumba akalima bustani ya sukuma wiki na vitunguu. Mkewe alizaliwa karibu na Lodwar, kando ya mto Turkwel, na tangu utoto wake alifundishwa na mama yake kusuka vikapu kwa majani ya mkoma. Huko Karagita hakuona mkoma hata mmoja, basi mikono yake ilikaa bure ila alipopata fedha za kuagiza majani makavu kutoka kwao.

Mwaka wa 2012 ndugu yake mdogo alimjia kwa basi kutoka Lodwar. Alipokwisha kunywa chai alifungua mkoba akatoa makoma sita ya rangi ya kahawia, magumu kama mawe.

"Dada," akasema, "haya nimeyaokota chini ya ule mti wa mama."

Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mti huo ndio aliokuwa akikaa chini yake kusuka. Yule mwanamke aliyapokea makoma kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Mkoma si mti wa kudharauliwa. Wataalamu huuita Hyphaene compressa. Shina lake hugawanyika mara mbili, na matawi yake hugawanyika tena, jambo lisiloonekana kwa miti mingi ya jamii ya mnazi. Majani yake hukunjuka kama upepeo wa kuwashia moto, na vikonyo vyake vina miiba myeusi iliyopinda. Miti dume ni mbali na miti jike. Nyama ya tunda huliwa, na majani hutoa miyaa ya kusukia vikapu, mikeka na kamba, huko Turkana na pwani vilevile. Lakini mkoma ni mti wa nchi za joto zilizo chini, na Naivasha iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,890. Usiku wa Julai huko ni wa baridi kali. Yule mama aliyajua hayo, lakini alisema kwamba mti wa mama yake hauwezi kukataliwa kabla ya kujaribiwa.

Mvua za Aprili zilipoanza, makoma matano yalifukiwa katika tuta moja, na la sita, kwa kukosa nafasi, likafukiwa peke yake karibu na ua. Mume, kwa kutaka kumfurahisha mkewe, alileta magunia mawili ya udongo mwepesi kutoka bustani moja aliyokuwa akiitunza, mahali palipopandwa safu ya miti mirefu ya mapambo yenye majani ya upepeo, akaumwaga juu ya tuta. Hakuuchekecha udongo ule wala hakuuangalia.

Baada ya majuma machache yalichipuka majani membamba yaliyonyooka, kumi na zaidi. Furaha ilikuwa kubwa. Mume aliwaita majirani waone mikoma ya Turkana ilivyokubali udongo wa Naivasha. Mkewe aliyatazama akasema, "Mzee wangu, makoma ni matano, na miche ni kumi na miwili. Imetoka wapi?" Mume akajibu kwamba huenda koma moja huzaa miche miwili au mitatu, na maneno yakaishia hapo.

Hapa ndipo penye kosa linalowapata wengi. Miti ya jamii hii huanza maisha yake ikiwa na jani moja jembamba kama la nyasi. Upepeo haukunjuki ila baada ya mwaka au zaidi. Kwa hiyo mche mchanga haujulikani kwa jani lake; mwenye kutaka kuujua huupekua udongo polepole kwa kidole, aitazame mbegu iliyo chini yake. Koma ni kubwa kama ngumi ya mtoto. Miche ile ya Karagita, lau mtu angeitazama, ilikuwa na mbegu ndogo kama punje ya kunde.

Mwezi wa Novemba mume aliazimu kuihamisha miche ili aipange safu moja mbele ya nyumba. Mkewe alikuwa amekwenda sokoni Naivasha. Alipochimba tuta, jembe lilikata vitu vyeupe, vinene kama kidole, vilivyokuwa vikishuka wima chini kama kamba. Alivikuta vitatu. Akadhani ni mizizi ya mti wa jirani, akavikata vyote hata mwisho wake, akavitupa katika shimo la takataka pamoja na makoma yenyewe, ambayo aliyadhani kuwa maganda matupu. Mengine mawili yalikuwa yameoza. Jioni mkewe aliporudi alikuta miche minane imesimama mbele ya nyumba kama askari gwarideni, akamshukuru.

Miche hiyo ilikua kwa haraka ya kushangaza. Mwaka wa 2016 mikubwa yake ilikuwa imepita kimo cha mtu, na majani yake yalikuwa mapana. Katika miaka hiyo yule mama alikuwa amewakusanya wanawake sita wa mtaa, wengi wao vibarua wa mashamba ya maua, akawaahidi kuwafundisha kususi vikapu majani yatakapokomaa. Walichanga fedha kidogo kidogo kwa ajili ya sindano na rangi. Basi lilikuwa si jambo la bustani tu, bali lilikuwa ahadi.

Siku aliyokata jani la kwanza, alikaa nalo mlangoni, akalipasua, akalisokota, akaligeuza huku na huku. Kati ya vidole vya jani hilo zilining'inia nyuzi nyeupe kama uzi wa pamba. Akamwita mumewe akamwambia taratibu, "Hii si eng'ol." Mume akakasirika. Alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wote, na neno la mkewe lilimwangusha mbele ya majirani. Akasema kwamba udongo wa ugenini hubadili mti. Siku mbili hawakusemezana vizuri.

Mwishowe ndugu wa mume, mwalimu wa shule, aliwapa shauri la busara. Aliwaambia kwamba katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi kuna hazina ya mimea iliyokaushwa, ambayo ilianzishwa Amani, Tanganyika, mwaka wa 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka wa 1950, na kwamba watu wa hapo kazi yao ni kuitambua mimea. Wakakata jani zima pamoja na kikonyo chake mpaka chini, wakalikunja ndani ya magazeti, wakapiga picha ya mti wote kwa simu, wakasafiri wote wawili.

Mtaalamu aliyewapokea hakuhitaji muda mrefu. Aliwaonyesha nyuzi nyeupe, kisha meno yaliyopinda pande zote mbili za kikonyo, akasema kwamba mti huo ni Washingtonia. Jina hilo alilitoa mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Wendland, mwaka wa 1879, kwa heshima ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Kwao ni nchi kavu za kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Iko ya aina mbili: mmoja una shina nene na majani ya rangi ya kijivu kidogo, na mwingine una shina jembamba linaloweza kupanda mita 25 na zaidi, na vikonyo vyake vichanga vina wekundu wa kahawia karibu na shina. Wekundu huo ulionekana, lakini mtaalamu alikataa kuandika jina la pili. Alisema kwamba aina hizo huchanganyika zipandwapo pamoja, na ni afadhali kungoja shina likue kuliko kuandika jina litakalofutwa kesho.

Ndipo mama akauliza, "Na makoma yetu yalikwenda wapi?" Mtaalamu akaeleza kwamba koma likiota halitoi jani kwanza. Hutoa kamba nene nyeupe ishukayo chini sana, pengine nusu mita, na ncha ya kamba hiyo ndiyo ibebayo mche, uufiche mbali na jua na moto. Huweza kupita miezi mingi kabla jani halijatokea juu. Mvumo nao hufanya hivyohivyo. Kwa sababu hiyo miti hii hupandwa mahali itakapokaa daima, wala haihamishwi.

Mume alisikiliza, uso wake ukabadilika. Ndani ya matatu, kutoka Nairobi hata Naivasha, hakusema. Usiku ule nyumbani alimweleza mkewe habari za kamba tatu alizozikata. Mkewe alinyamaza, kisha akasema, "Mzee wangu, hukujua, na asiyejua halaumiwi. Lakini mimi nilizaliwa chini ya mti ule. Mbona hukungoja nikarudi kutoka sokoni?" Hakuwa na jibu.

Asubuhi yake mama alichukua kisu akaenda mpaka kwenye ua, mahali lilipofukiwa koma la sita. Palikuwa na majani mawili magumu yenye mikunjo, ambayo mumewe alikuwa akiyafyeka kila mvua akidhani ni magugu, nayo yalikuwa yakirudi kila mara. Akapekua udongo kwa vidole akalifikia koma, limekauka na kupasuka, na kamba yake imeshuka chini gizani. Kile kilichowaangamiza wenzake ndicho kilichomwokoa huyu: moyo wa mche ulikuwa chini mno, panga halikuufikia.

Mwaka ule mambo yalitengenezwa upya. Mama aliwaita wale wanawake sita akawaambia ukweli wote, akawaachia hiari ya kurudishiwa michango yao. Wawili walichukua, wanne wakabaki, na majani makavu yakaagizwa kutoka Turkana kwa basi. Majani ya Washingtonia hayakutupwa. Wenyeji wa jangwa la California waitwao Cahuilla tangu zamani waliyaezekea nyumba zao, wakayasukia na vyombo. Na huko Karagita wale wanawake waliyafanyia pepeo za jiko na mifagio, ijapokuwa mama mwenyewe husema hayana uvumilivu wa eng'ol. Miti mitano iliyokuwa karibu mno na nyumba na nyaya za umeme iling'olewa, mitatu ikabakizwa penye nafasi.

Miti hiyo mitatu hutunzwa kwa kanuni chache. Udongo wa Naivasha ni wa majivu ya volkano, haushiki maji, basi samadi na nyasi kavu huwekwa kuzunguka shina bila kuligusa. Maji ya kutosha yalihitajiwa katika miaka ya kwanza; sasa mizizi hujitafutia. Majani makavu hukatwa kabla hayajawa makao ya panya na chakula cha moto, na mkataji huvaa glavu kwa sababu ya meno ya vikonyo. Jani changa la katikati haliguswi kamwe, kwa maana mti huu una moyo mmoja tu, nao ukikatwa mti umekwisha.

Mkoma wa uani ulijengewa uzio wa mawe. Jiwe la upande wa kusini liliwekwa kubwa kuliko mengine ili lishike joto la mchana. Huenda kwa taratibu sana. Katika miaka yake ya kwanza ya kuachwa kwa amani ulitoa majani machache tu, na baridi iliunguza ncha za mawili. Mama anajua kwamba huenda asisuke kikapu kwa majani yake, wala hakuna ajuaye kama utazaa huko juu, tena wenyewe ni mmoja na hauna mwenzi. Hata hivyo kila jioni huumwagia kopo moja la maji.

Na mume amejifunza desturi mpya. Mche wowote usiojulikana ukichipuka bustanini hauiti jina, wala hauchomoi. Huchomeka kijiti kando yake, kisha humwita mkewe aje autazame.