Barua Ambazo Suria Hakuandika



Juma hili tumemaliza riwaya tuliyoazimwa na muumini mmoja. Ni hadithi ya nyakati mbili: mjukuu wa leo anapekua barua za bibi yake, na bibi mwenyewe anapenda na kusali katikati ya vita. Mwishoni wote wanasameheana. Tulifurahi, tukafunga kitabu, usingizi ukakataa.

Hadithi kama hiyo ingeanzia wapi hapa Pemba? Mikarafuuni, bila shaka. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na mashamba yake yakazidi kutaka watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kukomesha utumwa. Lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri ile. Walisubiri hadi 1909.

Tumfikirie mwanamke wa shamba, anayempenda mtu aliyekwisha kupata uhuru wake. Miaka kumi na miwili! Wala hakuacha barua; nani alimfundisha kuandika? Mjukuu wake, ambaye huenda ni jirani yetu, angepekua nini?

Na msamaha wa ukurasa wa mwisho ungetolewa na nani? Tunakiri kosa letu. Mwezi uliopita alitujia mama mmoja na uchungu wa siku nyingi, nasi tukamhimiza asamehe kabla hajamaliza kueleza. Alhamisi tutakwenda kwake, tuketi, amalizie.