Mayai ya Kanga Huko Arua

Mtu atokaye Kampala kwenda Arua huvuka mto Nile mara mbili. Huuvuka kwanza Karuma, mahali maji yanapopita kwa ngurumo juu ya mawe, na nyani huketi kando ya barabara wakingoja ndizi za wasafiri. Mara ya pili huuvuka Pakwach, na hapo mto umetulia na kuwa mpana, ukielekea kaskazini hata Misri. Baada ya daraja la Pakwach msafiri ameingia West Nile, nchi iliyotoa askari wengi tangu siku za King's African Rifles. Ndiyo sababu katika masoko ya huko Kiswahili husikika pamoja na Kilugbara na Kialur, na mgeni aliyelelewa kambini hajioni mpotevu.

Arua ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, lakini ukitoka mjini kwa mwendo wa saa moja kwa miguu, wakuta miji ya watu kama ilivyokuwa zamani: nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, miembe mikubwa, na muhogo ulioanikwa juu ya majabali. Katika mji mmojawapo nilikuwa mgeni wa mama mzee, mjane wa askari polisi. Aliishi na marehemu mumewe katika kambi nyingi za Uganda, na Kiswahili chake ni kile cha kambini: kifupi, kisicho na mapambo.

Mama huyo hufuga kanga. Ndege hawa wapendwa huko kwa nyama yao na kwa kelele zao, maana nyoka au mtu asiyejulikana hawezi kupita uani bila wao kupiga makelele. Kwa kuwa kanga wa kufugwa mara nyingi huyaacha mayai yake, mama huyaweka chini ya kuku. Nilipofika, kuku mmoja alikuwa jikoni ndani ya chungu kilichovunjika, akiatamia mayai 12 ya kanga, na siku hiyo ilikuwa ya 25. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, lakini ya kanga hutaka siku 26 hadi 28. Vifaranga hao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa: wakikua watauzwa, na fedha zake zimlipie mjukuu ada ya shule.

Usiku ule kicheche aliingia jikoni. Tuliposikia mlio na kutoka na tochi, kuku hakuwapo tena. Palikuwa na manyoya tu na mayai yaliyotawanyika majivuni. Mama aliyakusanya yote, akayafunga kwa kitenge, akayaweka karibu na mafiga yaliyokuwa bado na joto. Lakini hatukujua kuku alikuwa ameondoka tangu saa ngapi.

Kulipokucha jirani alikuja kumpa pole. Aliyagusa mayai, akatikisa kichwa. "Dada, hayo yamekuwa viza. Wape mbwa."

"Kwanza tuyaulize," mama akajibu, "kisha tutatupa."

Basi nikaona namna ya kuyauliza. Aliyatoa kitengeni, akayaacha mkekani kwa kitambo, kisha akalichukua moja moja na kuligusisha kwenye kope la jicho lake. Kifaranga aliyekaribia kutoka hutoa joto lake mwenyewe, kwa hiyo yai lenye uhai hupoa polepole kuliko yai lililokufa. Nilikumbuka kwamba huko Misri, chini ya mto huu huu tuliouvuka Pakwach, wako watu ambao tangu zama za kale huangulisha mayai kwa maelfu katika majumba ya tanuri za udongo, nao hupima joto la yai kwa kope bila kipimajoto. Mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Réaumur aliyaeleza majumba hayo katika kitabu chake cha mwaka 1749. Mama hakupata kusikia habari hizo. Alifundishwa na mama yake.

Kisha tuliingia chumbani penye giza. Alishika tochi chini ya ncha butu ya yai, mahali penye nafasi ya hewa. Katika siku za mwisho yai zima huwa jeusi, kwa maana kifaranga amelijaza, isipokuwa nafasi hiyo ya hewa iliyo na mwanga. Ukiona kivuli cha mdomo kikichezacheza ukingoni mwa mwanga, kifaranga yu hai. Ukiona maji yakiyumba ndani, hapana tumaini. Lakini ganda la kanga ni nene na la hudhurungi, na tochi yetu ilikuwa dhaifu. Mayai mawili tu yalitupa jibu.

Ndipo alipotaka beseni. Alitia maji ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Alilichunguza kila yai kwanza, kwani yai lililopata ufa au lililokwisha kudonolewa halitiwi majini kamwe; kifaranga atazama. Alingoja mpaka maji yakatulia kabisa, akatia yai moja kwa vidole viwili, na sote tukanyamaza.

Yai lilielea, ncha butu juu. Kitambo kidogo kikapita. Kisha likatikisika lenyewe, na duara dogo likaenea juu ya maji. Jirani akashika kinywa.

Mayai saba yalitikisika. Mawili yalizama mpaka chini. Matatu yalielea lakini hayakujongea. Kila moja alilitoa upesi, akalikausha kwa kitambaa bila kulisugua.

"Haya matatu?" nikauliza.

"Mwanangu, mtoto akilala humwiti maiti. Huenda amechoka."

Mayai yale mawili aliyatenga, akayafukia mbali na nyumba bila kuyapasua, maana viza hupasuka na kunuka. Yale kumi aliyapeleka kwa kuku wa jirani aliyekuwa akitamia bila mayai, na wakakubaliana jirani apewe vifaranga wawili. Lango la jiko likawekewa ubao usiku ule.

Nawaeleza wasomaji, hasa akina mama wanaofuga ndege nyuma ya nyumba za kambi, mambo niliyojifunza. Jaribio la maji ni la siku tatu au nne za mwisho tu. Kabla ya hapo kifaranga ni mdogo mno kuweza kulitikisa yai. Maji ya baridi hudhuru, na ya moto huua. Yai lisikae majini zaidi ya dakika moja au mbili. Yai lisilotikisika lisitupwe kwa sababu hiyo peke yake, bali lirudishwe chini ya kuku na kungojwa. Tena, ukichanganya mayai ya kanga na ya kuku, ya kanga yatangulie kwa muda wa wiki moja, ama sivyo kuku ataondoka na vifaranga wake na kuyaacha mengine yakiwa karibu kabisa.

Nilikaa kwa mama siku tatu zaidi. Siku ya 27, asubuhi, jirani alituita kwa sauti kubwa. Chini ya kuku wake walikuwamo vifaranga tisa wenye mistari ya hudhurungi na miguu myekundu, wakilia wote pamoja. Saba walikuwa wa mayai yaliyotikisika. Wawili walitoka katika yale matatu yaliyokaa kimya.

Jirani aliwatazama sana. Kisha akasema: "Dada, nami ningewapa mbwa."